Anayenuka Mdomo Asichekwe, Apimwe



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Jambo hilo ni kunuka mdomo. Mtu akinuka mdomo, hatumwambii mbele yake. Tunamsema nyuma yake. Tunasogea pembeni anapokaa. Watoto humwiga na kuziba pua. Wengine husema ni mchafu, wengine husema amelogwa. Naye akishajua kwamba anasemwa, huanza kuziba mdomo kwa mkono, au huacha kabisa kutoka nyumbani.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Watu huniita daktari, lakini mimi si daktari. Nilisoma nikapata cheti, na umri wangu ni miaka 27. Nayaandika haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu linaweza kumfundisha mwingine.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mzee mmoja pamoja na mkewe. Yeye ni mkulima wa pamba, mtu wa miaka kama 50. Alikaa mbali kidogo na meza yangu, mkono mdomoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Aliitikia huku bado ameziba mdomo. Aliyeeleza shida ni mkewe. Alisema, "Mwanangu daktari, baba yenu ananuka mdomo. Wenzake kilabuni hawataki tena kunywa naye kibuyu kimoja. Chakula hakitaki, anasema hata nyama ina ladha ya chuma. Usiku anaamka mara nyingi kwenda kukojoa. Na hilo jino linamwuma, kila siku anameza vidonge vya dukani."

Mama yule alikuwa amenieleza ugonjwa wote. Mimi nilisikia neno moja tu, jino. Nilimwambia mzee afungue mdomo. Niliona jino limeoza na fizi zimevimba. Nikaona kazi imekwisha. Nilimpa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu, nikamwambia apige mswaki na aende kituo cha afya kung'oa jino. Kipimo cha presha kilikuwa juu ya meza, mkono wangu wa kulia. Sikukigusa.

Baada ya wiki 3 mzee aliletwa kwa pikipiki, ameshikwa na watu wawili. Uso ulikuwa umevimba. Miguu ilikuwa imejaa maji. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nilipima presha, nikakuta 210 kwa 120. Mkojo wake ulikuwa na povu kama la sabuni. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Huko walipima damu, wakasema figo zake zote mbili zimeharibika kwa muda mrefu.

Ugonjwa ule sikuuanzisha mimi. Presha ilikuwa imemla mzee yule kwa miaka mingi bila yeye kujua. Lakini zile wiki 3 nilizipoteza mimi. Na vile vidonge nilivyompa kwa mkono wangu ni adui wa figo iliyochoka.

Sasa, ndugu msomaji, figo na mdomo vinahusianaje?

Figo ni 2. Ziko mgongoni, karibu na mbavu za chini, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila moja ina ukubwa kama wa ngumi. Kama umewahi kuchinja mbuzi umeziona. Kazi yake kubwa ni kuchuja damu, kama tunavyochuja chai kuondoa majani. Kwa siku moja, figo za mtu mzima huchuja maji ya lita 180 hivi kutoka katika damu. Hizo ni ndoo 9 za lita 20. Karibu maji yote hurudi mwilini. Lita 1 au 2 hivi ndizo hutoka, na huo ndio mkojo. Pamoja na mkojo hutoka uchafu wa mwili.

Uchafu mmojawapo huitwa urea. Wakulima mnalijua jina hilo, kwa sababu mnanunua mbolea ya urea. Ni kitu kile kile. Ya dukani hutengenezwa kiwandani, na ya mwilini hutengenezwa na ini kutokana na vyakula kama nyama, samaki na maharage. Mtu mzima wa afya huitoa kwa mkojo kila siku. Figo zikishindwa, urea hubaki katika damu. Ikizidi katika damu, huingia hata katika mate.

Mdomoni mna vijidudu vingi sana visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya vijidudu hivyo huivunja urea na kuigeuza kuwa hewa kali iitwayo amonia. Kumbuka harufu ya mfuko wa urea uliopata unyevu ghalani. Kumbuka harufu ya zizi la mbuzi asubuhi, ile inayochoma pua. Hiyo ndiyo amonia. Kwa hiyo mgonjwa wa figo anaweza kupiga mswaki vizuri kabisa, na bado mdomo ukatoa harufu ya mkojo. Kumwita mchafu ni kumwonea. Uchafu ule umetoka katika damu yake.

Ladha ya chuma nayo hutokana na mambo hayo hayo. Chakula kinakuwa kibaya mdomoni, hasa nyama. Mgonjwa hali, anakonda, na ndugu zake wanadhani anadeka au amechukia mapishi ya mkewe. Nimesikia ndoa moja ikigombana kwa sababu hiyo.

Nisieleweke vibaya. Si kila anayenuka mdomo ana ugonjwa wa figo. Watu wengi wanaonuka mdomo, shida yao iko mdomoni humo humo. Wana ukoga uliojazana kwenye meno, au jino bovu, au fizi zinazotoa damu na usaha, au ulimi wenye utando mweupe usiosafishwa. Tumbaku na ugoro pia hunuka. Mwenye kisukari kilichopanda sana anaweza kutoa harufu nyingine, kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kuchelewa.

Lakini kama harufu ni ya mkojo, na mtu huyo amepoteza hamu ya kula, anachoka upesi, anawashwa mwili, anavimba uso asubuhi au miguu jioni, anaamka kukojoa mara nyingi usiku, au mkojo una povu lisiloisha au rangi ya damu, basi usimpe karafuu atafune. Mpeleke akapimwe. Usingoje dalili zote zikusanyike. Figo zina tabia ya kunyamaza. Huendelea kufanya kazi hata zikiwa zimebaki na nguvu kidogo sana, na mtu akianza kuvimba huwa nguvu nyingi imekwisha kupotea.

Vipimo vya kuanzia ni rahisi. Kuna mpira wa kufunga mkononi kupima presha. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Kuna kijiti cha kuchovya katika mkojo kuona kama una protini, sukari au damu. Ikionekana shida, mtu hutumwa penye maabara ya kupima damu.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza malaria na kichocho, wakachimba vyoo. Nawaheshimu sana. Kichocho bado kipo kwetu, na kile cha mkojo kisipotibiwa huharibu kibofu na hata figo. Lakini sasa presha na kisukari vimefika vijijini, na hivi viwili ndivyo huharibu figo za watu wengi zaidi duniani. Sisi bado tunadhani ni magonjwa ya matajiri wa mjini. Mzee wa pamba hakuwa na gari wala kitambi.

Nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Ni hivi vidonge vya maumivu ya jino.

Jino likiuma, mtu huenda dukani. Muuza duka, ambaye pengine ni kijana aliyeachiwa duka na shangazi yake, humpa diklofenaki au ibuprofeni. Vidonge hivyo hutuliza kweli. Ndiyo maana watu huvipenda. Mtu humeza leo, kesho, wiki nzima, mwezi mzima, kwa sababu jino bovu haliponi kwa kidonge. Sasa, vidonge vya jamii hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu mwenye figo nzima akimeza siku 2 au 3 huenda asidhurike. Mwenye figo zilizochoka, au mwenye presha, au aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara, anaweza kuziua figo zake kwa dawa ya jino. Kama una ugonjwa wa figo au presha, mwambie anayekupa dawa kabla hajakupa. Mara nyingi parasetamoli ndiyo salama zaidi, kwa kiasi ulichoandikiwa, huku ukienda kutibiwa jino lenyewe.

Na wale wanaofungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake katika tundu la jino, waache. Unga ule hautibu jino.

Tena kuna mafundi wa kung'oa meno kwa koleo nyuma ya nyumba. Najua wanapatikana haraka, na hospitali ni mbali. Lakini damu ya mgonjwa wa figo haigandi vizuri. Aking'olewa ovyo anaweza kutoka damu usiku kucha. Mzee yule nilipompeleka mara ya pili, mkewe aliniambia kwamba fundi mmoja alikuwa amekwisha kumwahidi kumng'oa jino Jumamosi. Yeye alipata nafuu ya kuchelewa.

Sasa tuseme nyumbani kwako yupo mgonjwa wa figo. Mdomo wake utunzweje?

Apige mswaki mara 2 kwa siku, na wa usiku kabla ya kulala asiukose kamwe. Dawa ya meno yenye floraidi ndiyo nzuri. Mswaki uwe laini, kwa sababu fizi zake hutoa damu upesi. Watu wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki. Hilo ni kosa. Ukoga ukibaki ndio unaofanya fizi zivimbe na kutoa damu zaidi. Mswaki wa mti nao unafaa. Kata kijiti kibichi, kitafune ncha mpaka kiwe nyuzi laini, kisha sugua taratibu nje na ndani, pamoja na meno ya nyuma ambayo wengi huyasahau. Ulimi nao usafishwe, kwa mswaki au kwa ukingo wa kijiko, kutoka nyuma kuja mbele. Mkaa na majivu vinakwangua meno. Ndimu inayala. Mswaki na maji vinatosha kuliko hivyo.

Maji ya chumvi ya kusukutua yanasaidia fizi zenye vidonda, lakini yatemwe yote. Chumvi ni adui mwingine wa mtu wa presha na figo. Mtu mzima anatakiwa asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, na hiyo ni pamoja na iliyo ndani ya mboga, dagaa na kachumbari.

Kuna wagonjwa waliokatazwa kunywa maji mengi, kwa sababu figo haziwezi kuyatoa. Hao mdomo hukauka, na mdomo mkavu hunuka zaidi na meno yake huoza upesi. Mate ndiyo yanayoosha meno, na mate yakipungua vijidudu vinashangilia. Mgonjwa wa namna hiyo asukutue maji baridi na kuyatema mara kwa mara. Midomo ipakwe mafuta isipasuke. Akila chumvi kidogo, kiu nayo itapungua. Peremende za sukari asimung'unye kutwa nzima, zitamalizia meno. Na wewe ambaye hujakatazwa na mganga, usijinyime maji kwa kusoma haya.

Jambo lingine ambalo wengi hawajui ni hili. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini, zinaweza kufanya fizi zivimbe na kukua mpaka zifunike sehemu ya meno. Ukiona hivyo, usiache dawa. Ukiacha, presha itapanda na figo zitaumia. Nenda umweleze mganga, abadilishe dawa akiona inafaa. Na fizi zikisafishwa vizuri uvimbe huo hupungua.

Dawa za kienyeji za kusafisha figo nazo zinauzwa kila gulio. Sisemi kila mti ni sumu. Nasema figo ndizo zinazotoa sumu mwilini, na ukimpa aliyechoka mzigo usioujua uzito wake, unambahatisha.

Figo zikishindwa kabisa, mtu husafishwa damu kwa mashine hospitalini. Kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, na kila mara huchukua kama saa 4. Mzee wa pamba alianza kusafishwa hivyo, akahamia mjini kwa mwanawe kwa sababu hospitali iko huko. Mwanawe alinisimulia kwamba baada ya wiki chache za mashine, harufu ilipungua sana na baba yake alianza tena kula. Mtu anayesafishwa damu akitaka kung'oa jino, amweleze daktari wa meno kwanza. Katika mashine huwekwa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo jino ling'olewe siku nyingine, siyo siku ya mashine. Mara nyingi huchaguliwa siku inayofuata.

Wengine hupandikizwa figo ya ndugu. Kazi hiyo zamani wagonjwa wetu walipelekwa nje ya nchi. Mwaka 2017 ilifanyika kwa mara ya kwanza hapa Tanzania, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 ikafanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Lakini je, unajua kwamba kabla ya kupandikizwa mgonjwa hukaguliwa meno? Akikutwa na jino bovu au usaha katika fizi, hutibiwa hayo kwanza. Sababu ni kwamba baada ya kupandikizwa atameza dawa zinazopunguza kinga ya mwili, ili mwili usiikatae figo mpya. Kinga ikiwa ndogo, jino moja bovu linaweza kueneza ugonjwa mwili mzima.

Nirudi kwetu kijijini. Ugonjwa wa figo wenyewe hauambukizi kwa kula pamoja. Hauambukizi kwa harufu. Mgonjwa akae mkekani na wenzake, atawe chakula kama mtu, hata kama anakula kidogo. Watoto waelezwe. Kama harufu inakushinda, vumilia kama unavyovumilia harufu ya zizi lako, maana huko unaingia kila siku bila kuziba pua.

Na wewe unayeziba mdomo kwa mkono ukiongea, njoo zahanati. Huna haja ya kumwambia mtu yeyote njiani unakokwenda. Ukiulizwa, sema unakwenda kwa jino. Njoo asubuhi, ili kama mkojo unahitaji kupimwa tupate muda. Kama kuna vidonge unavyomeza, njoo navyo vyote, hata vile vya dukani ambavyo hutaki nivione, na kama karatasi yake ipo usiitupe.

Siku hizi mtu mzima akija kwangu na habari ya jino, namfunga kwanza kipimo cha presha, ndipo namwambia afungue mdomo. Wapo wanaonung'unika kwamba nawapotezea muda. Mwezi uliopita mama mmoja aliniuliza kama sasa meno yamehamia mkononi. Presha yake ilikuwa 170 kwa 100.